Udongo Aliokula Pamela

Wiki jana mliniacha kwenye njia ya Peramiho, nimekaa nyuma ya pikapu, kichwa cha binti yangu kipo mapajani mwangu na macho yake yamegeuka. Na gari lenyewe, lile gari lisilokunywa petroli ambalo mji mzima wa Songea ulilipigia vigelegele, limezima katikati ya mlima.

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, nitasema kwa kifupi. Mimi ni Getruda, mjane wa Mfaranyaki. Nyuma ya nyumba yangu kuna kichuguu. Nachimba udongo wake, naukanda, naukausha juu ya moshi wa jikoni, nawauzia wajawazito sokoni. Binti yangu wa pekee ni Pamela. Mumewe anaitwa Aidan, kijana aliyesomea umeme, ambaye tangu biashara zilipofunguliwa na kila kitu kikawa ruksa aliamua atatengeneza magari ya betri hapa hapa Songea. Uwanja wa kiwanda nilimpa mimi, nyuma ya nyumba, jirani na kichuguu.

Pamela alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Hii ya tatu ilifika miezi saba. Mjukuu huyo aliye tumboni ndiye aliyekuwa mali yangu yote duniani, wala sikuomba kingine.

Sasa turudi mlimani.

Lazima mjue jambo moja, la sivyo mtaniona mwehu. Bibi yangu alinilea kule Namtumbo kwa adabu ya zamani. Mkwe wako wa kiume humtazami usoni, humpi kitu mkononi, humwambii neno. Ukiwa na neno, unampa binti yako, naye anampelekea mumewe. Tangu harusi sikuwahi kumwambia Aidan hata pole na kazi, ila kwa mdomo wa Pamela. Na siku hiyo mdomo huo ulikuwa umeuma meno, povu linatoka pembeni.

Aidan alishuka. Akafungua boneti, akafunga. Akainama uvunguni kwenye betri zake. Mimi nimejifunika kitenge, nimegeukia shamba la mahindi.

"Chaji imeisha," akaliambia tairi.

"Wewe gari," nami nikaliambia gari, "jana hukulala kwenye chaji?"

"Jenereta la mji lilizimwa mapema," akaliambia tairi. "Dizeli haijafika kutoka Makambako."

Nilitaka kucheka, nilitaka na kumpiga. Yaani gari lisilokunywa dizeli lilikuwa linasubiri dizeli. Tulishangilia kwamba halitoi moshi, kumbe moshi wake unatokea nyumba ya pili.

"Gari," nikasema, "mtoto wa watu anafia juu yako."

Aidan akakaa chini barabarani akajishika kichwa. Alikuwa analia. Nilimsikia, na adabu ya bibi yangu haikuniruhusu kumwambia nyamaza baba.

Aliyetuokoa ni Hamisi, mwenye lori bovu la mahindi, lile linalotoa moshi mweusi hadi watoto wanalikimbia. Alituona, akasimama.

"Leo umeme umelala njiani?" akatania. Kisha akamwona Pamela, utani ukamwisha. "Mleteni, mleteni haraka. Mama, panda mbele."

Tukafika hospitali ya misheni kwa dizeli.

Daktari Saimon alikuwa mtu mpole, anauliza taratibu kama padri kwenye kitubio. Alimpima Pamela damu, akampima macho, akamkunja vifundo vya mikono. Mikono ilikuwa haina nguvu. Akamfunua mdomo wa chini.

"Mnauona huu mstari wa bluu kwenye ufizi?"

Tuliuona.

"Naona ni sumu ya risasi. Yale madini yaliyomo kwenye betri. Nani nyumbani anashughulika na betri?"

"Mimi," Aidan akasema. "Lakini mke wangu hakanyagi karakana, daktari. Nimemkataza tangu siku tulipowasha tanuru la kuyeyushia betri kuukuu. Hata nguo zangu za kazi nafua mwenyewe."

Hakusema uongo. Nyie mnaosubiri nimwite Aidan shetani, mtasubiri sana. Kijana alikuwa anajua kwamba risasi inaua, akamzuia mkewe kwa mapenzi yake yote.

"Basi inaingia kwa mdomo," daktari akasema. "Kuna kitu anakula. Mama, binti yako anakula nini?"

"Ugali. Maharage. Likolo, mboga ya majani ya maboga. Chakula cha watu."

Wakati nasema hivyo mkono wangu ulikuwa ndani ya kapu la Pamela, natafuta kadi yake ya kliniki. Vidole vikagusa kipande kigumu, laini kwa juu, chenye alama ya dole gumba langu.

Niliukanda mwenyewe ule udongo. Nilimpa mwenyewe, nikamwambia kula mwanangu, kichefuchefu kitapungua.

Jamani, akili ya binadamu ikitaka kukutesa inakimbia. Vijana wa Aidan wakivunja betri kuukuu huosha vyuma vyake kabla ya kuviyeyusha. Maji wanamwaga nyuma. Na nyuma ni wapi kama si kwenye kichuguu changu? Mwaka huu mvua za kwanza zilinyesha, vichuguu vya mtaa mzima vikatoa kumbikumbi, watoto wakajaza ndoo, changu kimya. Niliona. Nikamwambia Pamela, mwambie mumeo maji yake yanaua mchwa. Akasema nitamwambia.

Na mimi niliendelea kuchimba. Mnajua kwa nini? Niliona udongo usio na mchwa ni udongo safi zaidi. Nikawa nausifia sokoni.

Halafu nikakumbuka kwamba ile mimba ya pili ilitoka baada ya tanuru kuwashwa.

"Mama," daktari akarudia, "kuna kitu kingine anakula? Wajawazito wengine wanakula udongo."

Aidan alikuwa anatazama mkono wangu kwenye kapu. Aliona. Na mimi nilijua kwamba ameona.

Nikakiachia kile kipande kikarudi chini ya kapu.

"Sijui, daktari," nikasema. "Labda. Nitamwangalia."

Pamela alijifungua kabla ya wakati. Alikuwa mtoto wa kike, mdogo wa kutosha viganja viwili, na nywele nyingi. Sista alimwona anavyopumua, hakusubiri padri, akachukua kikombe cha maji.

"Mnamwita nani?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria jina. Nikasema Skolastika, jina la mama yangu. Sista akammwagia maji kichwani akambatiza. Mtoto akafungua mdomo kama anataka kulia, sauti ikakosekana. Wauguzi walipokwenda kunywa chai ya saa nne, alikuwa ameshaondoka.

Nilimbeba Skolastika mwenyewe kurudi Mfaranyaki, nimemfunga kifuani kama mtoto aliyelala. Kwetu mtoto mchanga huzikwa na wanawake. Wanaume walikaa mbali, Aidan akiwa nao, kofia mkononi.

Wa kwanza kufika alikuwa Biasha, Mama Kassimu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Huyu ni Myao wa Tunduru, Mwislamu, alikuja Songea na mumewe muuza korosho. Mume alipokufa nilimpikia mimi. Wangu alipokufa akanipikia yeye. Mtu akiniuliza nina ndugu wangapi, namhesabu na Biasha.

"Innalillahi wa inna ilaihi rajiun," akasema, akanipokea mtoto. Alimwosha, akamvisha, akamfunga shuka jeupe la kwake mwenyewe. Akaingia kaburini, akampokea kwa mikono miwili, akamlaza.

Tuliporudi nyumbani akaniwekea uji. "Kunywa, Mama Pamela. Kazi ya Mungu haina makosa."

Nilitamani kumwambia kwamba hii haikuwa kazi ya Mungu.

Akainuka, akaenda kwenye kichanja changu cha jikoni, akachagua vipande vya udongo, vile vikubwa vikubwa. Akavifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Nachukua, nitakulipa ukitulia," akasema. "Mke wa Kassimu hanipi usingizi. Mwezi wa tano sasa, wallahi bila udongo wako halali yeye wala silali mimi."

Nikafungua mdomo.

Nilimwona jinsi anavyokaza fundo. Mikono yake ilikuwa bado na udongo wa kaburi la mjukuu wangu. Nikasema moyoni, nikimwambia sasa ataniuliza tangu lini najua. Nikasema, nitamwambia kesho. Nikafunga mdomo nikanywa uji.

Mnihukumu tu. Mimi nimeshajihukumu na bado naendelea.

Pamela aliruhusiwa baada ya siku kadhaa. Maziwa yalikuwa yanamtoka, yanalowesha blauzi, na hakuna wa kuyanyonya. Daktari alikuwa ametuambia tusimweleze sababu mpaka apate nguvu. Basi kila siku aliniuliza swali lile lile.

"Mama, mimi nina kosa gani? Huyu ni wa tatu."

"Huna kosa."

"Au kuna mtu ananifanyia?"

"Hakuna mtu."

"Mama, na mimi nikuambie kitu." Akageukia ukutani. "Ile habari ya mchwa sikumwambia Aidan. Alikuwa anaamka anaimba. Mwekezaji alikuwa amekubali kuja. Nikasema nikimwambia maji yake yameua mchwa wa mama, ataanza kuhama, ataanza upya, ataacha kuimba. Mchwa tu, mama. Nikaona ni mchwa tu."

Nilimshika mgongo. Alikuwa anaungama kosa dogo mbele ya mwenye kosa kubwa, na mwenye kosa kubwa anampapasa mgongo.

Asubuhi aliyotarajiwa huyo mwekezaji nilitoka na jembe. Nilitaka kukibomoa kile kichuguu mpaka chini. Nimepiga jembe la kwanza tu, nikasikia hatua nyuma yangu.

"Mama."

Hapakuwa na mtu katikati yetu. Hakuliambia tairi. Aliniambia mimi.

"Nisamehe kukuita, mama. Sina wa kumtuma."

Sikugeuka. Nilishika mpini wa jembe.

"Bi Nasrin anakuja leo kutoka Dar," akasema. "Akikubali kuingia ubia, kitu cha kwanza, nalihamisha tanuru hili. Nalipeleka mbali na nyumba za watu. Nasakafia kwa saruji, maji yote yanaingia kwenye tangi, hayamwagwi. Vijana watapata glovu na vitambaa vya pua. Na kila betri nitakayouza, ikifa, inarudi kwangu, haitupwi shambani kwa mtu. Yote nimeyapanga, mama. Lakini yanataka nguvu yake. Akijua leo kilichotokea, ataondoka, na tanuru litabaki hapa hapa."

Nikageuka. Kwa mara ya kwanza nilimtazama mkwe wangu usoni. Amekonda, macho mekundu. Ana kovu dogo chini ya jicho ambalo sikulijua miaka yote hiyo.

"Na wanawake waliokula?" nikamuuliza.

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Baadaye. Tukishahama."

"Aidan, tumbo halisubiri mwekezaji."

"Najua. Mtoto aliyekufa ni wangu." Akatazama kichuguu. "Lakini na wewe fikiri, mama. Ukisimama sokoni ukasema, unadhani watasema risasi? Watasema Mama Pamela mchawi. Watasema alianza na wajukuu zake mwenyewe. Watakuja hapa na mawe. Na Pamela atajua ni mkono wa nani uliompa."

Hapo alinipiga palipo na kidonda. Si mawe niliyoyaogopa. Niliogopa Pamela.

"Haya," nikasema.

Neno moja tu. Nikaegemeza jembe ukutani, nikaenda kuvaa gauni la Jumapili.

Bi Nasrin alikuja na gari la kukodi, mwanamke kijana, mtandio mzuri, viatu vya kutokanyaga matope lakini akayakanyaga. Na tumbo. Mungu wangu, lilikuwa limeshaanza kuonekana.

"Shikamoo mama. Poleni sana na msiba, nimeambiwa."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa."

Aidan alimpandisha kwenye lile gari, akamzungusha mtaani, wakarudi mgeni anatabasamu kidogo. Lakini hakuwa mtu wa kupumbazwa na mzunguko. Alishuka akaanza kutembea uwanjani, anainama, anagusa.

"Gari zuri, kaka Aidan. Halina moshi, halina kelele. Sasa niambie, kila nyumba ina choo. Choo cha kiwanda hiki kiko wapi?"

"Choo cha wafanyakazi kipo pale."

"Umenielewa. Hizi betri mnazivunja, mnaziosha. Uchafu wake unakwenda wapi? Nikiweka mtaji wangu kwenye gari safi, sitaki nisikie kesho kuna watu wamekunywa uchafu wake."

"Tunapeleka mbali," Aidan akasema. Alisema chini chini.

Bi Nasrin akanigeukia. "Ni kweli, mama? Wewe unaishi hapa."

Nilimwona Aidan anatazama viatu vyake.

"Ni kweli, mwanangu," nikasema.

Wakati huo huo Biasha akatokea ubavuni mwa nyumba na birika la chai na sahani ya mihogo. Ndivyo alivyo. Akisikia nina mgeni, anajua sina nguvu ya kupika, anakuja bila kuitwa. Akasalimia, akamimina, akaliona tumbo la mgeni, uso ukamchangamka.

"Hongera, mwanangu. Unalala?"

"Kichefuchefu, mama. Tangu Dar mpaka hapa."

"Ah, basi umefika kwenyewe." Akaanza kufungua pindo la kanga. "Hujapewa udongo wa Songea? Huu anaukanda mwenyewe huyu hapa. Bahati yako kimebaki kipande, nilikuwa nampelekea mke wa mwanangu."

Bi Nasrin akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike. "Wa Dar mchanga mtupu," akasema, akakipokea kile kipande, akakinusa kwa raha, kama wanavyofanya wote. Akakimega kwa meno ya mbele.

Nawaambieni kweli, sikuamua. Mkono wangu uliamua. Niliruka, nikampiga kiganja, kikombe cha chai kikaanguka.

"Teme. Teme mwanangu, teme yote."

Akatema kwenye kiganja, macho yamemtoka. Akanitazama. Akatazama kichuguu na lile pigo langu moja la jembe. Akatazama tanuru. Hakuuliza kitu. Aidan alikuwa amefumba macho.

Aliyeuliza ni Biasha. Aliuliza taratibu, birika bado liko mkononi.

"Kwa nini ateme, Mama Pamela?"

"Mama Kassimu, ngoja nikuambie."

"Huu nilijichukulia jikoni kwako siku tumetoka kumzika mtoto. Ulikuwa umekaa pale unakunywa uji. Ulikuwa unanitazama nikifunga." Akanionyesha pindo la kanga yake. "Mke wa Kassimu anakula tangu siku ile. Asubuhi na jioni. Kwa nini mgeni ateme?"

Nilifungua mdomo. Nyuma yangu mlango wa jikoni ukalia.

Pamela alikuwa amesimama kizingitini, kitenge amekikaza tumboni pale walipokuwa wanakaa watoto wake, blauzi imelowa maziwa. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi. Alikuwa anatazama mkono wangu.

"Mjibu, mama," akasema. "Na mimi nataka kusikia."